Mwaka wa Kwato za Bluu

Spesioza tumemzika mwezi uliopita, hapa Kasulu, siku ya mvua, kwenye udongo mwekundu uliolowa kiasi kwamba vijana walioshusha jeneza walitoka makaburini na viatu vizito kama matofali. Mimi sikukaa na waimbaji. Nilikaa uani, kwenye jiko la mabati, nachambua maharage pamoja na wanawake ambao wengi wao ningeweza kuwazaa, na hapo ndipo nilipowasikia wakinisimulia mimi mwenyewe nikiwa nimekaa palepale. "Huyu bibi unayemwona," mama mmoja alimwambia binti wa pembeni yake, bila hata kupunguza sauti, "ndiye aliyekuwa rafiki wa marehemu tangu ujana. Punda wa marehemu alipokufa, huyu hakumwacha." Binti akanitazama kwa heshima, akaniondolea kigoda kibovu, akaniletea kizima. Nikamwambia, "Mwanangu, huyo punda nilimuua mimi." Jiko zima likacheka. "Bibi Yustina kwa utani!" wakasema. "Hata msibani!" Mmoja akanipapasa bega kama mtu anayemtuliza mtoto aliyeota vibaya, wakaendelea na maharage yao.

Sikuwa natania. Jambo hili nimelisema tangu juma lile lilipotokea. Nimemwambia katekista, nimemwambia mwenyekiti wa kijiji, nimemwambia mume wangu, Mungu amrehemu, na wanangu wote wamelisikia mpaka wamechoka. Kila ninayempelekea ananirudishia, kama jirani anayekurudishia sahani na chakula chako kikiwa bado ndani. Mimi ni mtu wa darasa la nne. Nilichonacho nimekipata kwa mgongo wangu na kwa mdomo wangu, na vyote viwili bado vinafanya kazi. Anayetaka kujua nilizaliwa na nani na nilikua vipi akaulize Heru Juu, watamwambia. Hapa nataka kuandika mwaka mmoja tu, na nauandika kwa sababu aliyekuwa ameubeba pamoja nami ameondoka.

Kikundi chetu cha akina mama cha Heru Juu kilikuwa kimeahidiwa punda na wafadhili. Wakati ule mtu wa Heru Juu punda alimjua kwa habari za Yesu kuingia Yerusalemu, basi. Sisi ni watu wa ng'ombe na mbuzi. Hata asiye na ng'ombe huku anamjua ng'ombe: anajua anaumwaje, anapenda nini, heshima yake inahesabiwa vipi. Punda walitoka upande wa Shinyanga, wakapandishwa lori Kahama, na lori likaishia Kibondo kwa sababu barabara ya kuja kwetu ilikuwa imekatika kwenye daraja. Ikabidi mtu aende kuwapokea awaongoze kwa miguu. Nikachaguliwa mimi, kwa vile Kiswahili changu kilikuwa kikubwa na nilikuwa siogopi wanaume. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, sijaolewa bado, na nilikwenda Kibondo nikiwa nimevaa kanga mpya kama mtu anayekwenda kuposwa.

Nakumbuka chumba nilicholala zaidi ya ninavyokumbuka safari. Kilikuwa nyuma ya kwa mama lishe mmoja, kina kitanda cha kamba na dirisha la ubao, na ukuta uliokitenga na jiko ulikuwa wa matete, kwa hiyo nilisikia kila kilichosemwa kwenye meza za wateja. Hivyo ndivyo nilivyomsikia Daktari Rajabu kabla sijamwona. Alikuwa bwana mifugo wa serikali, mtu wa Lushoto, amepangiwa kwetu huku ambako alikuwa hana ndugu wala lugha. Alikuwa anamlalamikia mama lishe kwa upole kwamba amemwekea sombe, kisamvu cha kwetu, bila pilipili. "Daktari, hiyo sombe ina mawese mpaka juu, pilipili ya nini tena?" mama akamjibu. "Mama, kwetu chakula kisichowasha ni cha wagonjwa." "Basi nenda kaumwe kwenu." Akacheka, akala. Nikatoka nikakaa meza yake bila kukaribishwa. Tulikula ugali wa muhogo na migebuka, na katikati yetu, kando ya bakuli la kunawia, palikuwa na kiboksi chenye picha ya mnyama mrefu, shingo kama upinde, anang'aa kama kiatu kilichopigwa kiwi.

"Huyu punda wa wapi?" nikauliza. "Amekula nini mpaka akawa hivi?"

"Huyo si punda, dada. Ni farasi."

"Farasi wa Farao?"

"Huyo huyo. Dawa hii imetengenezwa kwa ajili yake."

"Na wewe unataka kuwachoma punda wetu dawa ya farasi?"

"Farasi na punda ni mtu na binamu yake," akasema. "Sikiliza, maana wewe ndiye utakayewaeleza wenzako." Akasukuma sahani pembeni. Akaniambia kwamba punda wale wamesimama ndani ya lori muda mrefu, wamesukumana, wameogopa, hawakunywa vya kutosha, na mnyama akifanyiwa hivyo askari walio ndani ya damu yake wanalegea, ugonjwa mdogo unaingia kama mtu anayeingia kwake. Dawa ile kazi yake ni kuwaamsha. "Usije ukawaambia ni chanjo," akasema, akanionyesha kidole. "Chanjo inamwonyesha askari sura ya mwizi mmoja, na askari haisahau. Hii inapuliza filimbi tu. Askari wote wanaruka kitandani, wanakimbia huku na huku, hawajui wanamtafuta nani. Akija mwizi siku hizo, pengine watamkamata. Baada ya siku chache wanarudi kulala. Tena ingefaa wachomwe kabla ya kupanda lori, ila dawa imechelewa kufika." Nikamuuliza kama inafanya kazi kweli. Akatazama kile kiboksi, akasema neno ambalo sikuwahi kulisikia kwa msomi: "Sijui. Kwa farasi wanasema inasaidia kidogo, wengine wanasema haisaidii. Kwa punda wetu hakuna anayejua. Ndiyo maana nataka kuchoma nusu, nusu niwaache."

Mimi nilicheka. Nilidhani ni ubahili wa serikali. Leo, nikiwa mzee, nafikiri yule bwana alinipa heshima kubwa kuliko niliyopewa na msomi yeyote, kwa kuniambia hajui, na mimi nikaipokea kama mtu aliyepewa sarafu ya nchi ngeni.

Aliwachoma asubuhi, walipokuwa wanashushwa kwenye lori: mmoja anachomwa, anayefuata anaachwa, hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Waliochomwa akawapaka rangi ya bluu kwenye kwato za mbele. Kila mmoja akampima joto, akamtoa damu kidogo kwenye vichupa alivyovifunga na kitambaa chenye maji kama mtu anayesafirisha mayai. Kesho yake wale wa bluu walikuwa wamenyong'onyea, masikio chini, wana joto, na nilipomwambia amewaharibia punda wetu akasema, "Hapana, hiyo ndiyo filimbi." Tukawaongoza mpaka Heru Juu, yeye na mimi na matingo wawili wa lori, na njiani watu walitoka majumbani kutazama, watoto wakiimba, na mimi mbele na fimbo, nimejaa. Sitasema uongo, sijawahi kuwa na furaha ile tena, hata siku niliyonunua Fuso yangu ya kwanza.

Matata yalianza kwenye kura. Punda waligawiwa kwa kura, mbele ya wote, hakuna aliyemwonea mwenzake. Lakini kikundi chetu kilikuwa na wanawake wenyeji na wanawake waliozaliwa na watu waliokimbia kutoka Burundi, waliokaa nasi miaka, wengine wana uraia, wanasali nasi, wanalima nasi, na bado siku mambo yakiharibika mtu anakumbuka nani alitoka wapi. Kura ikawapa wale wenzetu punda wasio na bluu, karibu wote. Spesioza alikuwa mmoja wao. Alikuwa amenizidi miaka michache, mjane, mrefu, mtu wa maneno machache, na punda aliyempata alikuwa jike la kijivu lenye mimba kubwa. Daktari alisema huyo hata zamu ya sindano ingemwangukia asingemchoma, kwa sababu hajui dawa ile inamfanyia nini mtoto aliye tumboni. Mimi nikapata dume la bluu.

Daktari akaacha masharti mawili kabla ya kurudi ofisini kwake Kasulu. Punda wa bluu wakae zizi lao, wasio na bluu zizi lao, mpaka mwezi utakapokufa na mwingine kuandama. Na kila punda anywe kwenye ndoo yake, asichangie na mwenzake, kwa sababu mmoja kati yao anaweza kuwa na ugonjwa wa koo ambao bado hauonekani, na ugonjwa ule unapenda maji kuliko kitu chochote. Niliwatafsiria kwa Kiha, neno kwa neno, sikuruka kitu. Tafsiri yangu ilikuwa safi. Kilichoharibika hakikuharibikia mdomoni.

Sasa mtu afikirie. Mto uko bondeni. Ndoo ya kila punda ilibidi ipandishwe kichwani, asubuhi na jioni. Mama Leonsi, mwenyekiti wa kikundi chetu, mwanamke mnene aliyekuwa na ulimi wa kunyolea, alikuwa anasimama katikati ya mlima na ndoo yake na kupiga kelele ili bonde zima limsikie: "Mimi niliomba punda anibebee maji! Sasa mimi ndiye punda, na yeye amekaa anacheua kama mkwe!" "Punda hacheui, Mama Leonsi," mtu akamjibu kutoka chini. "Wa kwangu atacheua! Kwa huduma hii atacheua!" Tulicheka, lakini vicheko vilikuwa vinapungua siku hadi siku. Jikoni kwangu, wanawake walipokuja kuomba moto, nilianza kusikia maneno ya wenye bluu na wasio na bluu, na punda hawakuwa wanatajwa. "Wenye bluu wametengewa," mmoja alisema nje ya ukuta wangu, akidhani sipo. "Daktari alijua kura itaangukia wapi. Sisi wetu wafe, wao wa kwao wapone." Jumapili kanisani nikaona wamekaa mabenchi tofauti. Hakuna aliyewaambia wakae hivyo.

Ndipo nikapata wazo langu. Nalikumbuka lilivyokuja, nilikuwa nageuza ugali. Huku kwetu, ng'ombe wa mtaa wakitaka kufurahishwa, mwenye eneo anafinyanga birika la udongo chini, tunaliita kibumbiro, linajazwa maji na chumvi ya Uvinza, na majirani wote wanaleta ng'ombe wao wanywe pamoja. Wanaume wanapiga miluzi, wanawake wanatoa pombe ya ndizi, na waliokuwa wamenuniana wanasimama bega kwa bega kwa sababu ng'ombe wao wamezamisha midomo kwenye maji mamoja. Baada ya hapo ni aibu kuendelea kununa. Sijawahi kuona ng'ombe aliyeugua kwa hayo, nimeona wanang'aa tu. Nikasema, kama inafaa kwa ng'ombe, itafaa kwa punda. Isitoshe, wa bluu wana kinga, si ndiyo? Watakuwa ukuta kwa wenzao. Niliijua habari ya filimbi, nilikuwa nimeisikia mimi mwenyewe na kuisimulia mimi mwenyewe, lakini kichwani mwangu filimbi ilikuwa imeshageuka kuwa ukuta, kwa sababu ukuta ndio niliokuwa nauhitaji.

Mama Leonsi alikubali kabla sijamaliza kusema. Wengine wakafuata. Aliyebaki ni Spesioza. Nilimkuta mlangoni kwake anamenya muhogo, kisu kinakwenda haraka, maganda yanaanguka kwenye ungo. Ndani ya chumba chake kimoja kulikuwa na msalaba, kitanda, na nyasi alizomkatia punda, amezilaza vizuri kama anavyolaza mtu nguo za kutokea.

"Daktari alisema tusichanganye," akasema.

"Daktari yuko ofisini. Anajua hapa watu hawasalimiani?"

"Huyu wangu ana mimba, Yustina."

"Ndiyo anahitaji chumvi zaidi. Ng'ombe mwenye mimba unamnyima chumvi wewe?"

"Huyu si ng'ombe."

"Dada, usipomleta watasema wewe ndiye uliyekataa. Watasema wenzetu wale wamejitenga. Mimi nafanya haya kwa ajili yenu."

Kisu kikasimama. "Kwa ajili yetu," akasema. Halafu akasema atamleta.

Siku yenyewe ilikuwa nzuri, na hilo ndilo linaloniuma. Ingekuwa siku mbaya ningepumua. Nilifinyanga kibumbiro kwa mikono yangu, nikakipiga kingo zikawa laini, nikamimina chumvi. Punda mwanzoni walishangaa, wakarudi nyuma, kisha dume langu likanusa, likanywa, wengine wakaja. Midomo yote ndani ya maji mamoja, masikio yanapishana. Mama Leonsi alicheza na tumbo lake lote. Mama aliyekuwa amekaa benchi la kushoto Jumapili alimlisha mwenzake wa kulia ndizi mbivu kwa mkono, wakacheka mpaka wakatoa machozi. Jike la Spesioza lilikunywa sana, tumbo lake limetuna pande zote mbili, na alipoinua kichwa maji yalimchuruzika kidevuni. Spesioza mwenyewe akatabasamu. Nilikula jioni ile maharage na ndizi za kuchemsha, nikalala usingizi wa mtu aliyesuluhisha nchi.

Ugonjwa ulianza na dume la Mama Leonsi, la bluu. Joto, halafu makamasi mazito ya njano, halafu mitoki chini ya taya, imevimba kama mtu aliyeficha mayai kooni. Wakafuata wengine, wa bluu na wasio wa bluu. Nilikwenda Kasulu mwenyewe kumwita Daktari. Alipofika hakunigombeza. Alizunguka mazizi na kipimajoto chake, kisha akafika kwenye kibumbiro changu kilichokuwa kimekauka, bado kina alama za midomo pembezoni, akachuchumaa pale. Nikamwambia: "Ni mimi. Nilisema wanywe pamoja." Akaniuliza walikunywa wote? Nikasema wote. Akavua kofia yake, akajikuna kichwa, akasema, "Basi hatutajua kitu." Sikumwelewa wakati ule. Baadaye akanieleza, wakati tunapasua majipu na kuosha usaha kwa maji ya moto, kwamba damu aliyoichukua, joto alilolipima, nusu kwa nusu yake yote, ilitaka punda wakae mbalimbali ili ionekane kama filimbi ilisaidia. Sasa wote wamenyweshwa ugonjwa kwa pamoja, tena filimbi ilikuwa imekwisha kunyamaza. Wa bluu waliugua. Wasio na bluu waliugua. Dume langu liliugua kidogo likapona. Je, ni sindano? "Au ni dume, ana nguvu, hana mimba," akasema. "Au ni bahati yako tu."

Jike la Spesioza halikupona. Mitoki yake ilikwenda ndani badala ya kupasukia nje, ikamziba pumzi, ukawa unasikia anavyovuta hewa ukiwa mlango wa tatu. Spesioza alikaa naye muda wote. Alimtia uji wa mtama kwa kiganja, ukatokea puani. Daktari alijaribu kila alichokuwa nacho kwenye begi. Mimba ikatoka kwanza, mtoto amekamilika, ana kwato laini kama sabuni iliyolowa, hakuwahi kupumua. Mama yake akafuata mchana, jua kali, akiwa ameegemea ukuta wa nyumba. Spesioza akamfunika uso na kanga yake. Kisha akaingia ndani akazitoa zile nyasi, fungu kwa fungu, akazitupa nje.

Tuliitana mkutano. Nilisimama nikasema yote, kwa Kiha na kwa Kiswahili, ili asiwepo wa kusema hakusikia: Daktari alikataza, mimi nikafinyanga, mimi nikamshawishi Spesioza. Mzee mmoja wa ng'ombe akaniambia kaa chini, binti, maji ya chumvi hayajawahi kuua mnyama tangu enzi za babu zetu. Mama Leonsi akasema ni sindano, Daktari amewatia ugonjwa kwa sindano ya wanyama wa wazungu, kwani aliyeanza kuugua si wa bluu? Watu wakaitikia kwa nguvu. Na nikaona jambo la ajabu: wenye bluu na wasio na bluu walikuwa wamekaa wamechanganyika, wamepatana kabisa, wote wamemgeukia mtu mmoja. Kibumbiro changu kilikuwa kimefanya kazi yake. Daktari alikuwa amesimama mlangoni, hajui Kiha, ananitazama mimi nimtafsirie wanasema nini. Nikamtafsiria. Akasema, "Waambie nilipaswa kukaa nanyi, nisiondoke." Nikawaambia. Wakaona amekiri. Nikapiga kelele kwamba hilo silo alilomaanisha, na Mama Leonsi akanishika kiuno, akanikalisha kama mtoto: "Yustina, una moyo mwema. Basi." Haukupita muda Daktari akahamishwa. Sijui yuko hai au la. Ningependa kujua kama mahali pengine alipata punda wa kumjibu swali lake.

Na Spesioza? Siku ile ya mkutano alisema neno moja tu: "Ni Mungu." Watu wakapumua, mambo yakaisha. Kesho yake nilikwenda kwake nikamwambia dume langu ni letu wote wawili, siku ya soko tutashuka naye pamoja, aweke mzigo wake upande mmoja na mimi upande mwingine. Akasema ahsante. Siku ya soko tukashuka pamoja Kasulu. Yeye furushi la muhogo kichwani, mimi mikono mitupu, na punda katikati yetu, upande mmoja umejaa mzigo wangu, upande mwingine nimetia mawe ili usielemee. "Weka, dada." "Acha, leo ni mzigo mdogo." Soko lililofuata: "Weka." "Huyo bado anatoka kwenye ugonjwa." Soko lililofuata: "Weka, nakuomba." "Njia ni ya kushuka." Tukirudi, akiwa na chumvi na mafuta ya taa na kipande cha sabuni, njia ikiwa ya kupanda, jasho likimshuka mpaka kwenye kope, alikuwa na neno jingine. Hakununa hata mara moja. Alinisimulia habari za watu, alicheka, tulikula pamoja mihogo ya kuchoma pale kwenye jiwe la kupumzikia, akanimegea kikubwa. Kisha anajipinda ngata, anajitwisha, tunaendelea. Kulikuwa na wakati nilitaka kuyatupa mbali yale mawe na kujitwisha mzigo wangu pia, lakini punda ningempeleka wapi? Watu njiani walituamkia, "Mwakeye," wakaniambia nina bahati ya kuwa na rafiki mvumilivu vile.

Ilikuwa hivyo masika, ilikuwa hivyo kiangazi, mpaka muhogo mpya ukaiva. Siku moja tumefika kwenye kona ile ambapo mji wa Kasulu unaonekana, Spesioza akasimama. Akashusha furushi, akaliweka chini, akakaa juu yake. Nilidhani anaumwa.

"Yustina."

"Naam, dada."

"Ulikuwa unaona?"

Sikuuliza nini. "Nilikuwa naona."

"Kila soko?"

"Kila soko."

"Nilitaka uone," akasema. "Wao walikukatalia kosa lako. Mimi sikukukatalia."

Akanyanyuka, akaenda upande wa mawe, akaanza kuyatoa moja moja na kuyaweka kando ya njia, bila haraka. Nikamsaidia kuinua furushi. "Funga vizuri," akasema, "usije ukanimwagia muhogo wangu." Nikafunga, nikarudia kufunga. Tukaanza kushuka. Mikono yake ilikuwa imezoea kwenda juu kushika mzigo, sasa haikujua pa kukaa: mara ameifungia nyuma, mara ameikunja kifuani, mara inapanda yenyewe kichwani na kukuta hakuna kitu. Nikampa kamba ya punda. Akaishika, akatangulia, nami nikabaki nyuma na fimbo.